Kiti cha Winnie Kimefungiwa Stoo

Baba Winnie,

Maharage yako jikoni, yaongezee maji. Bibi anywe uji kabla ya dawa.

Umeenda shambani na ufunguo wa stoo, na kiti cha magurudumu cha Winnie kimo humo. Sitaki kuamini ni makusudi, ingawa jana ulisema watu watajaa bwawani kumshangaa mtoto wako. Gari la parokia linalowapeleka watoto wenye ulemavu kuvua samaki linapiga honi barabarani. Nimemfunga mgongoni kwa kitenge, na miaka yake kumi.

"Mama, watasema mimi kichanga."

"Basi lia kidogo, ili waamini."

Amecheka sana. Mimi machozi yananitoka, hata mwandiko unaharibika.

Bila kiti hawezi kukaa wima ashike mshipi. Nitamshikilia mpaka mchana, halafu zamu yangu hotelini inaanza, na wenzake wataendelea kuvua yeye amelazwa kwenye majani.

~~Usije kabisa.~~ Njoo, mume wangu. Tangu alfajiri namwomba Mungu akulainishe moyo, sasa nakuomba wewe. Kiti kikikushinda kubeba, kiache. Njoo ukae nyuma yake, aegemee kifua chako, na watu wakuone.

Mama Winnie