Mkono Katikati ya Gunia

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Hapa Kibirizi tu wazima, na mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike. Unaniuliza utoe makala tatu za harakaharaka ili chuo kikupandishe cheo, au uimalize kwanza ile moja ya samaki wa ziwa letu.

Nilipokuwa msichana nilianua dagaa kabla hawajakauka, ili niwapite wenzangu kwa wingi wa magunia. Juu nikatandaza wakavu. Mnunuzi wala hakuyahesabu. Alizamisha mkono katikati ya gunia la kwanza, akaunusa, akaenda kwa jirani. Msimu mzima hakusimama tena kwangu.

Imalize hiyo moja, mama. Ukija utanisomea, na tutaanzia katikati.

Bibi yako