Baba Anaponyamaza Usingizini

Uru, 5 Agosti 2024

Shangazi Bernadetha,

Nakuomba, kabla hujasoma mstari wa pili, funga mlango. Neno la humu lisitoke kwako: si kwa Mama, si kwa kaka Wenseslaus, si hata kwenye kitubio. Simu yako huchezewa na wajukuu, ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa Tarakea mkononi.

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa Baba, ambaye mwenyewe anasema ni mzima.

Unajua anavyokoroma. Tumekua tukijivunia: mzee akikoroma, tulisema nyumba ina mwenyewe; akinyamaza, tulisema sasa amepata usingizi. Tulikosea, shangazi. Akinyamaza huwa hapumui. Ukuta kati yetu ni mbao tu. Nasikia mkoromo unakatika, kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Ndivyo hadi asubuhi. Mchana anasinzia kwenye misa, anasinzia na kijiko mkononi. Na siku za soko anaendesha pikapu ya ndizi hadi Kiboriloni, Mama kakaa pembeni. Mama masikio yamechoka, hasikii kitu. Tena humpa kata ya mbege kila jioni ili alale vizuri.

Nilimuuliza daktari mmoja mjini, nikisingizia jirani. Alisema koo la mzee hulegea usingizini likaziba njia ya hewa, na pombe ya jioni hulilegeza zaidi. Aache mbege, alalie ubavu, apimwe. Kuna mashine ya kuvaa puani, inasukuma hewa hadi asubuhi.

Siwezi kumwambia. Mimi ndiye kitinda mimba, nyumba na kihamba, shamba la ukoo, ni vyangu siku Baba akiondoka. Nikitamka tu "pumzi za Baba", watasema mimi, karani wa chama cha kahawa, nasubiri ziishe. Wewe ni dada yake mkubwa. Sema wewe.

Mwanao,
Theodory

Tarakea, 14 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile, inanipeleka sokoni na kunirudisha ikilalamika. Unakula lakini? Barua yako ina njaa.

Babu yako alikoroma hadi fisi wakapita mbali, na alizikwa mzee kabisa. Mpe Baba tangawizi na asali. Nyie mliosoma mkisikia mtu amelala mnaita daktari.

Siri yako nimeitunza. Nimemdokeza Wenseslaus tu, naye ni damu. Amecheka sana.

Shangazi yako

Kiboriloni, 2 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Wenseslaus hakucheka aliponipigia. "Kitinda mimba, siku hizi unalala na sikio ukutani? Tulia, kihamba hakina miguu." Nimepanga chumba huku Kiboriloni, asipatikane wa kusema tena. Baba sikumuaga vizuri. Nilimwambia kazi imeongezeka.

Jumamosi pikapu imeingia kwenye mfongo, ule mfereji wa juu ya kanisa. Mama amevunjika mkono. Baba anasema ni breki. Fundi ameziangalia, nzima.

Sasa hakuna anayemsikiliza. Nalala macho wazi kwenye chumba kisicho na sauti. Nenda, shangazi. Lala kitandani kwangu, kisha uniite mwongo.

Mwanao,
Theodory

Uru, 9 Septemba

Mwanangu,

Mama yako anaendelea vizuri. Mkono una plasta, anatuamuru sote kwa ule mwingine.

Nimelala kitandani kwako. Mkoromo ulipokatika nilianza Salamu Maria. Nikaimaliza, hewa haijarudi. Niliingia nikampiga ngumi ya ubavu.

"Dada, unanipigia nini?"

"Ulikuwa umekwenda. Nimekurudisha."

Asubuhi mbege nimewamwagia nguruwe, yeye akitazama. Funguo za pikapu ziko kwenye pindo la kitenge changu, aje azichukue kama ni mwanamume. Nimemweleza yote, na Wenseslaus nimempigia. Mwaka huu hatacheka tena.

Baba yako akasema: "Nilidhani Theodory amehama kwa ajili ya kelele zangu. Nikaona aibu kumwita." Hospitali atakwenda. Ila anasema mashine hiyo atavalishwa na mrithi wa nyumba, si na dada mwenye ngumi.

Unisamehe mdomo wangu.

Shangazi yako

Kiboriloni, 10 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mpe Mama pole.

Mwambie Baba kelele zake ndizo zilizokuwa zikinilaza. Ijumaa jioni narudi na godoro langu, Jumatatu nampeleka kupimwa. Mpaka hapo mlaze ubavu, mto mgongoni asigeuke. Akinyamaza usiimalize sala, mpige, kisha unipigie simu.

Mchana nipo ofisini; anayepokea mwambie simu ni ya nyumbani, ataniita. Usiku simu yangu iko chini ya mto. Nisipopokea, mpigie Doris, muuza unga wa mahindi nyuma ya soko. Namba yake nimeiandika mgongoni mwa karatasi hii. Chumba chake kinapakana na changu, atagonga ukuta. Usitume ujumbe. Piga. Hata akiwa amesharudi kupumua, piga, uweke simu karibu naye nimsikie.

Mwanao,
Theodory