Nimempa Mtu wa Mifupa Jina la Mwenzangu Aliye Hai

Mpendwa mshauri Bi Shadya,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ya kwangu naisubiri. Naomba msaada wako upesi kabla mkwe wangu hajarudi kutoka safari, kwa sababu nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia padri wala binti yangu, na tangu Jumapili kompyuta ya watu inawaka chumbani kwangu nimeifunika khanga, nami sijui tena kama naogopa kuizima au naogopa kuiacha iwake.

Mimi ni mwanamke wa Matombo, mjane, niite Juliana na jina langu halisi libaki kwako. Nilihamia hapa Kilakala kwa binti yangu Veronika baada ya goti kugoma kupanda mlima, na wewe kama umefika kwetu unajua kwamba migomba yetu iko juu ya vichwa vyetu, asiyepanda mlima hana shamba, na asiye na shamba hana wa kumwita wala wa kumuitikia. Mchana nyumba inabaki tupu, Veronika yuko kazini, mume wake Emmanuel yuko chuoni Mazimbu anakofanya kazi, nami nakaa dirishani natazama ukungu ukishuka milima ya Uluguru taratibu mpaka unafunika miti yote, najisemea huko nyuma ya ukungu ndiko nilikokuwa mtu.

Emmanuel ni mkwe mwenye huruma, akaniona ninavyosinzia kwa upweke akaniwashia gemu kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa kwa mila zetu mama mkwe na mkwe hawakai mkeka mmoja yeye alisimama mlangoni akanielekeza kwa mdomo, mama bonyeza hapa, mama rudi nyuma, mpaka nikaweza. Katika gemu hilo unajitengenezea mtu wako na kumkuza, wengine wanatengeneza mpiga upanga, wengine mrusha moto, mimi nikachagua mwita mifupa, mwanamke anayenyoosha fimbo yenye fuvu juu ya ardhi na watu wa mifupa wakanyanyuka wakamfuata wakampigania. Nilimchagua kwa sababu hakimbii. Kila ukipanda daraja unapewa pointi za kugawa, na Emmanuel akanisihi mama gawa vizuri, nyingine weka kwenye uhai wako mwenyewe, lakini mimi nilizimwaga zote kwa watu wangu, wawe wengi, wawe wagumu, wasivunjike ovyo, na mimi mwenyewe nikabaki mwepesi kiasi kwamba mshale mmoja unanilaza, na nikilala mimi wote wanaanguka.

Sasa Bi Shadya, gemu linakuruhusu kuwaandika majina, na hapo ndipo nilipoanza kupotea. Huko kwetu tulikuwa tunalimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, mwenye shamba anaita, anapika magimbi, na yeye ndiye anayeshika mstari wa kwanza, na wenzangu wengi wa jembe wameshatangulia mbele ya haki, basi wa kwanza kunyanyuka nikamwita Magreth, aliyenizalisha Veronika, wa pili nikamwita Mwajuma, aliyekuwa akituimbisha, nikaendelea hivyo mpaka marehemu wote nikawa nao tena. Emmanuel akaniambia mama kuna uwezo wa kuwalipua hao mifupa, wakipasuka maadui wanakufa kwa mkupuo, ndiyo njia ya haraka, nikamwambia mwanangu, siwezi kumlipua Magreth, mikono yake ndiyo iliyompokea mke wako. Hakulirudia neno hilo.

Nilipopanda daraja jingine akanyanyuka mmoja zaidi, na huyu alikuwa na tabia yake, kila tukivuka lango yeye anabaki nyuma, anageukageuka, anautazama ukuta, kisha anakuja mbio wenzake wameshamaliza vita, nikacheka peke yangu nyumba nzima nikasema huyu ni Hafidha. Hafidha ni jirani yangu wa Matombo, tumelima pamoja tangu tunaolewa, na kila asubuhi tukipanda kwenda shamba alikuwa lazima abaki nyuma kuchuna ganda la mdalasini atafune, tunamngoja, tunamtukana, anakuja anacheka. Nikamwandika. Sikufikiri hata kidogo kwamba Hafidha yu hai.

Tangu hapo ndoto zangu zikawa tamu mpaka nikawa natamani kulala. Ninaota wanashuka Uluguru majembe begani, ukungu umewafika kiunoni, hawana nyama lakini kila mmoja namjua kwa mwendo wake, wanafika wanaanza kuulima ukungu wenyewe, wanaukata matuta kwa matuta, na chini yake unatokea udongo mweusi wa kwetu unaofuka mvuke, Mwajuma anaimbisha na sauti haina maneno, mimi natembea katikati yao goti haliniumi, namngoja wa mwisho, na wa mwisho akifika ananipa kipande cha mdalasini bila kusema kitu. Naamka ladha yake iko mdomoni, na kutwa nzima sitaki kunywa chai nisije nikaiondoa.

Jumapili alikuja Kasimiri, anayeleta ndizi sokoni kutoka Matombo, akanishushia mkungu mlangoni, akasema, "Mama, hii ya Hafidha. Kalala, mama. Presha imepanda, miguu imevimba, nje hatoki. Kanambia, kamwambie Juliana mara ya mwisho tulilima kwake, zamu yangu iko wapi?"

Mkungu niliuacha palepale mlangoni. Chumbani gemu lilikuwa linawaka, na asubuhi ile tu, baada ya misa, yule Hafidha wa mifupa alikuwa ameangushwa nikamnyanyua, akaangushwa nikamnyanyua, mara sijui ngapi, na mimi nafurahi. Nikajiona. Kwetu anayemfanya mzima kuwa mfu akamtumikisha anaitwa mchawi, na huyo anayetumikishwa anaitwa msukule, na mimi nimefanya yote mawili nikiwa nimeketi kwenye kiti cha mkwe wangu na rozari shingoni. Ukizima mashine mifupa yote inapotea, basi nikizima nitakuwa nimemwangusha Hafidha kwa mkono wangu, na nisipozima anaendelea kusimama pale akinisubiri nimtume. Juzi umeme ulikatika, kompyuta ikabaki kwenye betri, na mimi nikabaki kwenye betri pamoja nayo mpaka uliporudi. Veronika akiuliza nafanya nini humo ndani najibu nasali novena.

Emmanuel anarudi Jumamosi, naye hana habari, ataizima. Kwenda Matombo natamani lakini nitapandaje, na zamu yake nitailipaje na goti hili, na je, nikifika akinitazama usoni akajua? Bi Shadya, nizime au nisizime?

Mwita Mifupa, Kilakala

JIBU LA BI SHADYA

Marahaba, na shikamoo pia, maana tumepishana kidogo tu na sitaki kesi. Barua yako ilinifikia kwenye simu Alhamisi, na jibu hili nilikutumia siku ileile. Hapa gazetini nalichapa kwa ajili ya wengine wanaofunika mambo kwa khanga.

Zima, Juliana. Zima sasa hivi, kisha urudi uendelee kusoma.

Umezima? Vizuri. Mimi magemu siyajui, nimemuuliza mhariri wetu wa michezo, mtu mzima mwenye kitambi, kumbe naye usiku mzima yuko humohumo. Anasema ukizima wanalala, ukiwasha unawaita upya, na hakuna anayekufa kwa sababu hakuna aliyekuwa hai. Hafidha ana presha. Presha ipo Matombo, ipo Kilakala, na hapa ofisini kwetu tunaihesabu kama mfanyakazi mwenzetu. Haikutoka kwenye kompyuta ya Emmanuel. Mchawi humtumikisha mtu kwa chuki, wewe uliuona mfupa unachelewa langoni ukamkumbuka mtu. Hiyo inaitwa kukumbuka, mama yangu, na nimeisoma barua yako nikalia kidogo, sikufichi.

Ila usidhani umepona ulimi wangu. Umekaa hapo Kilakala, mlima unauona dirishani, unamwota mwenzako, unalamba mdalasini wa ndotoni mpaka chai unaiogopa, na mdalasini wenyewe uko Matombo! Matombo si Ulaya. Kasimiri anakwenda na kurudi na mikungu ya ndizi, na mikungu haina miguu. Marehemu umewakusanya wote ukawapa majina, ni vyema, Mungu awarehemu. Lakini aliye hai ulimweka nao kwa kuwa kumwita kwenye kompyuta ni rahisi kuliko kupanda gari ukamwone amevimba miguu. Hilo ndilo linalokuchoma, na bora likuchome. Uchawi umeutafuta ili upate cha kuogopa kisichokuwa hicho.

Na hiyo novena ya uongo, aibu! Umemdanganya mtoto uliyemzaa kwa jina la sala. Leo jioni mwambie Veronika yote, mpaka la kumlipua Magreth, atacheka mpaka akae chini. Padri naye mwambie ukipenda, amesikia makubwa kuliko mifupa.

Jambo jingine. Mhariri wetu alipokusoma alitikisa kichwa akasema huyu mama amejenga vibaya, mwita mifupa asiye na uhai wake mwenyewe ni wa mshale mmoja. Mimi hapo ndipo nilipokuelewa. Pointi zote umewapa wengine, kwenye gemu na nje ya gemu. Hilo goti limekuhamisha kijiji, daktari amelitazama lini? Hukuandika, na najua kwa nini hukuandika. Wiki ijayo nenda hospitali likapigwe picha. Ukianguka wewe, nani atakayewaita hao wote kwa majina?

Sasa sikiliza safari yako. Emmanuel akirudi Jumamosi apumzike usiku mmoja, Jumapili akupeleke. Kama mnaoneana haya kukaa kiti kimoja, yeye akae mbele na dereva, wewe nyuma na Veronika. Chukua fimbo, ya mti, isiyo na fuvu. Usibebe jembe. Hafidha anajua goti lako kuliko unavyolijua, alikuwa nyuma yako mlimani miaka yote hiyo, ametuma neno la zamu kwa sababu ni mtani na kwa sababu mgonjwa haombi waziwazi. Ukifika pika magimbi, mle. Mwoshe miguu. Kesho yake mteremke naye hadi kituo cha afya mkapime hiyo presha, na dawa akipewa mhakikishe anazimeza, msikubali zile hadithi za kwamba amepata nafuu. Hiyo ndiyo zamu yake, na kwa kuwa mwenye shamba amelala, mstari wa kwanza ni wako.

Na kompyuta? Sikukatazi. Ukirudi washa, uwanyanyue Magreth na Mwajuma na wenzao, uende nao matembezini, nani anayeumia? Huyo wa mwisho anayeshangaa ukuta mbadilishie jina, mpe hata la mhariri wetu, yeye amekubali. Jina la Hafidha mwachie mwenyewe, bado analitumia.

Umeniuliza akikutazama usoni itakuwaje. Mwambie. Mwambie uliupa mfupa jina lake kwa sababu mfupa huo ulichelewa langoni kama yeye. Nami naona atakavyocheka, amelala na miguu yake iliyovimba, halafu akuulize kama angalau alikuwa anapigana vizuri.

Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno, na wewe hata neno lenyewe huna sababu ya kulikataa. Miezi yote hii umenyoosha fimbo ukaita, na waliokuja walikuwa mifupa. Safari hii kuna mtu mwenye nyama na damu, amelala Matombo, ameita, na jina alilolitaja ni lako. Itika.