Namba ya Tupokigwe

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mvua siku ya nne. Tangu jana kanisani sijaongea na binadamu. Nimeongea na kompyuta, tena kwa matusi.

Orodha ya ushirika wa maziwa imekataa kuingia. Watu 412, wote wachanjiwe ng'ombe dhidi ya ndigana, ugonjwa wa kupe; wachanjaji wanaanza na kijiji cha Kisiba Jumatatu ijayo. Asiye kwenye orodha hachanjiwi. Nataka kitu kidogo tu: mfugaji akiwepo kwenye database arekebishwe, asipokuwepo aongezwe. Laibrari ya programu inayoniandikia SQL, lugha ya database, inasema hakuna safu ya kipekee ya kumtambulia mtu. Nimemuuliza Godwin, mwenzangu wa kazi, yuko Dar. Kajibu saa tano baadaye: niweke upekee kwenye namba ya simu. Na emoji ya kidole gumba. Basi. Hata salamu hakuna!

Jumanne, 11 Machi

Nimeweka. Kosa la jana limeondoka, limekuja jingine: siwezi kurekebisha mstari uleule mara mbili kwa mkupuo mmoja. Maana yake namba zimejirudia humohumo kwenye orodha. Huyu Ackson, katibu wa ushirika! Anaandika mtu mmoja mara tatu. Uzembe mtupu.

Nimeandika mistari sita ya programu ya kutupa marudio, kila namba ibaki na jina la mwisho. Ikapita! Nimeruka chumbani, nikacheza peke yangu, nikatafuta wa kumwambia. Hakuna. Nikasonga ugali.

Alhamisi, 13 Machi

Orodha imetumwa. Wachanjaji wameshaichapa. Baridi.

Jumamosi, 15 Machi

Ackson kapiga simu. Kwa upole, ndio unaouma. Anasema kuna mjane Kisiba, mama Veronika, hayumo. Na jirani yake hayumo. Na wa ng'ambo ya mto. Nikamwambia aliwaandika mara mbilimbili. Akasema hapana dada Agness, kila mtu nilimwandika mara moja.

Nikahesabu. Walioingia 412. Waliobaki 268.

Mungu wangu.

Namba iliyojirudia zaidi ina majina tisa: ya Tupokigwe wa Kisiba. Ana simu, ana sola, nyumba yake iko juu ambako mtandao unashika. Wote wanatoa namba yake, ukimtaka mtu yeye anakimbia kumwita. Na mimi nimezaliwa kijijini, Nkunga! Nikiwa shule ya bweni nilikuwa nampata mama kwa simu ya jirani. Nimesahau lini? Kosa lilikuwa linaniambia ukweli, mimi nikaliziba mdomo.

Aliyebaki kwenye ile namba ni wa mwisho tu, mzee Yohane. Mama Veronika ana ng'ombe mmoja. Mmoja! Ndigana ikimpata huyo, kwisha habari.

Jumapili, 16 Machi

Ufunguo utakuwa namba ya hereni. Kila ng'ombe ana yake sikioni. Ackson alikuwa nazo daftarini kwa wote, isipokuwa hawa tisa. Nimepanda bodaboda baada ya ibada, matope hadi magotini, nimesoma masikio tisa, moja kwa kila mfugaji. Mmoja kanipiga teke.

Kwa mama Veronika nimeomba msamaha. Akasema ndaga fijo, asante sana, kwa kuja, akanipa kiti, maziwa, ndizi za kuchemsha. Alitaka kujua simu yangu natumia na kina nani. Nikasema peke yangu.

"Pole, mwanangu," akasema. Kama mtu anayeingia msibani.

Nilicheka. Njiani sikucheka.

Jumatatu, 17 Machi

Saa moja asubuhi nimeingiza upya kwa hereni. 412! Hakuna kosa hata moja. Sikucheza.

Saa mbili nimekumbuka: wachanjaji wana karatasi ya zamani. Ackson hapatikani. Kiongozi wao hapatikani. Nimempigia Tupokigwe. Anasema wako hapo chini, wameshamaliza kwa mzee Yohane, wanapakia mabegi kwenye pikipiki. Nikamwambia kimbia, mwite mama Veronika, mwambie awazuie, na wale wengine saba, majina yao yapo, kosa ni langu! Sema Agness kasema kosa ni lake!

Hakukata simu. Kaiweka mahali, nadhani juu ya meza, kaondoka anapiga kelele migombani, anaita jina moja baada ya jingine. Sauti yake imepotea.

Dakika sita sasa. Nimeweka spika, naandika. Pikipiki imewashwa huko, sijui inaondoka au inapanda. Kuna kuku. Mtoto anamwambia mwenzake asiguse, simu ya watu hiyo, kuna dada ndani anasubiri. Mwenzake anauliza dada gani. Anasema simjui, lakini bado yupo, namsikia anapumua.

Nipo. Sikati.