Sekunde Thelathini, Mtani

Mtani wangu Hoza,

Shikamoo siiweki. Ulinizidi miaka kumi na mitano na mbele za watu nilikuamkia kama inavyotakiwa, lakini tukibaki wawili ilikuwa matusi tu, wewe Msambaa na mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo nakuandikia kwa desturi yetu: we maiti, sikiliza.

Kompyuta yako imepona. Imepona jana, Muheza, nawe una siku arobaini na saba ardhini.

Aliyeiponya ni mama mmoja mwenye miwani, ana kibanda karibu na stendi. Nilimweleza kwamba ilifanya apdeti ya ile programu ya ndani kabisa, inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Ikamaliza vizuri, ikawaka vizuri, ila kadi ya waifai ikawa haipo. Si kwamba haishiki mtandao. Haipo, kama vile haikuzaliwa nayo. Yule mama hakuuliza zaidi. Alifungua skrubu, akachomoa chaja, akachomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia huku anahesabu mpaka thelathini, akarudisha kila kitu. Kadi ikaonekana. Akasema kuna umeme kidogo ulibaki ndani, ndio ulioigandisha.

"Sasa baba, betri hukuchomoa?"

Sikuchomoa. Akacheka, si kwa ubaya. Hajui.

Sikuchomoa kwa sababu yako. Nilipokuja kwako na elimu yangu ya darasa la tano, hata kushika bisibisi sijui, ulinifundisha sheria moja kabla ya zote: "Mashine ikianza kula apdeti usiikate umeme, hata nyumba ikiungua." Na mimi ni mtu wa kikaushio cha chai, miaka tisa sasa. Chai ikiwa ndani, feni haizimwi. Hilo halifundishwi mara mbili kiwandani. Basi kadi niliichomoa nikairudisha, nikaisugua meno yake ya kuchomekea kwa kifutio cha shule, nikaiwekea programu yake upya kutoka kwenye flashi, na muda wote huo chaja iko ukutani na betri iko ndani. Niliogopa kuikata umeme kama ninavyoogopa feni ya kikaushio.

Tena kuna jambo hukulijua. Ulidhani ilijiapdeti yenyewe. Ni mimi. Alhamisi umelala, kifua kinakoroma, maandishi yakatokea kiooni yanauliza kama iapdeti. Nikafikiri, kesho hii ina kazi kubwa, acha iwe safi, kama mtu anavyopiga pasi shati kabla ya harusi. Nikabonyeza ndiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa Zuhura. Miaka miwili tangu aende Oman kufanya kazi za ndani bila ruhusa yako, na kila aliyekuuliza ulimjibu, "Mimi sina binti Uarabuni." Mama Zuhura alikuwa akipanda juu kule kwenye jiwe, simu inakoshika, anaongea na mwanawe, akirudi humuulizi kitu. Lakini ulikuwa unaacha kutafuna mpaka akae. Nilikuona. Wiki ile kifua kilipokushinda ukasema mwenyewe, "Ijumaa baada ya swala apige, nimwone." Kwenye jiwe hukuweza tena kupanda. Huku chini kwenye nyumba zetu kuna waifai ya ofisi tu, na inakubali mashine yako peke yake kwa kuwa ulikuwa unawatengenezea zao.

Ijumaa nilikunyoa. Nikakuambia nakunyoa vizuri ili waosha maiti wasihangaike. Ulicheka mpaka ukakohoa, ukashika ukuta. Nikakukalisha, ukavaa kofia. Halafu ukakaa unakitazama kioo cha mashine ambacho hakina mtu, na mimi natoka jasho na skrubu mdomoni.

"Mnyamwezi," ukasema, "babu zako walibeba mizigo. Beba, mashine uiache."

Nikakujibu, "Na wewe usife kabla sijamaliza. Nyie Wasambaa mna haraka."

Ulingoja mpaka alasiri ikapita. Kofia uliivua mwenyewe, ukaikunja mara mbili, ukaiweka chini ya mto. Jumamosi kabla watu hawajaenda kazini ukafa. Haraka, nilikuambia.

Msibani nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa koti lako, nikaipakata kompyuta, nikazunguka katikati ya wenye kulia napiga kelele: "Kadi haipo! Mwenye kadi ameondoka nayo!" Watu walicheka. Mama Zuhura alicheka amejishika mbavu, machozi yanatoka. Nilipiga kelele zaidi, maana mtu anayecheka haulizi.

Zuhura aliuliza. Siku ya tatu mama yake alinipandisha kwenye jiwe, akanipa simu. "Mwambie wewe, mimi haniamini." Na Zuhura akasema, "Baba mdogo, baba ndiye fundi wa kiwanda kizima. Kompyuta yake iharibike siku hiyohiyo? Niambie kweli. Alikataa?"

Nikasema, "Mimi nilikuwa kazini, mwanangu. Sijui."

Hoza, nilisema hivyo. Mama Zuhura amesimama hapo ananitazama. Zuhura akasema, "Basi, nimeelewa." Tangu siku ile mama yake hajampigia tena. Naye hajaniuliza neno. Baada ya arobaini alinipa tu kompyuta, akasema, "Kaa nayo, mtani."

Leo ni Ijumaa. Nimeiwasha nyumbani kwako, pale pale ukutani ulipokaa. Ikashika. Simu za Zuhura za Ijumaa ile zikaingia, zimepangana moja chini ya nyingine: saa saba, saa saba na nusu, saa nane, saa tisa, saa kumi. Chini kabisa ujumbe: "Baba, sitakusumbua tena. Pumzika."

Nikampigia. Akapokea, hakusalimu. Nikamwambia yote. Kitufe nilichobonyeza. Betri. Kwamba hukukataa, ulinyolewa, ulikaa.

Akauliza, "Alivaa kofia ipi?"

"Ile uliyomshonea."

Nikasikia mtoto wa watu wa kule analia nyuma yake na mwanamke anaita. Akasema, "Baba mdogo, ungeniambia siku ya tatu ningekusamehe." Akakata.

Mama Zuhura alikuwa mlangoni. Amesikia.

Kwa hiyo, mtani, msamaha siuombi kwake wala kwako. Ahadi ninayo moja. Kila Ijumaa baada ya swala nitaiwasha hapa, nitamwekea Mama Zuhura kiti mbele yake, halafu nitatoka nje. Mwanawe akipiga, ni lao. Asipopiga, nitaizima, na Ijumaa nyingine nitaiwasha. Nyumbani Urambo sijafika mwaka wa sita huu, na nilishaanza kufunga mzigo. Nimeufungua.

Kabla ya kuandika haya nilipita kaburini kwako. Nikasimama, nikahesabu mpaka thelathini. Hukuamka, mpumbavu wewe.

Lala, Hoza. Nimeshakuchomoa.

Mbeba mizigo wako,
Kasanda