Umebomoa Nyumba ya Mtu Anayepumua

Makokha,

Salamu utazikuta huko mbele. Kwanza nijibu hili: nani alikutuma ubomoe nyumba ya baba yako, na yeye bado anakula, anakohoa na kuulizia ng'ombe wake? Nilikuzaa na masikio mawili. Wazee walipokuwa wakifundisha vijana hapo Navakholo, wewe ulikuwa umeyaweka wapi?

Usianze kumtafuta aliyekusema. Umejisema mwenyewe kwa ile picha uliyotuma.

Haya, sasa tusalimiane kama watu. Mko wazima? Miguu ya mke wako imeacha kuvimba? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ama bado anawadanganya? Watoto wanaenda shule kila siku, ama siku za sokoni wanabaki kuchunga? Mimi niko mzima, sina hata mafua. Baba yako siwezi kusema mzima. Soma polepole, na usimpe mtu mwingine akusomee.

Ulitusindikiza mwenyewe mwezi wa tano, kwa hivyo unajua tulikuja kwa sababu ya lile tumbo lake. Dada yako Rosa anakaa mji mdogo ulio kando ya ziwa, na milima imeuzunguka kama watu waliozunguka moto. Juu ya milima kuna kitu cheupe ambacho hakiyeyuki hata jua likiwaka. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kupatazama. Sikatai, ni pazuri. Lakini uzuri haupikwi.

Nyumba ya shemeji yako ina vyumba saba. Siku ya kufika Rosa alitufungulia kimoja, kitanda kimetandikwa, maua yako juu ya meza. Nikamwambia, "Rosa, mimi nilale chini ya paa la mkwe wangu? Nikutane naye asubuhi akitoka kuoga?" Akasema huku hawajui mambo hayo. Nikamwambia mimi ninajua, na ninayelala ni mimi. Nilikaa juu ya sanduku langu hapo nje mpaka mkwe wangu mwenyewe akaelewa. Ni mtu wa heshima yule, hata kama anakula nyama mbichi. Alitoa vyombo vya shamba kwenye kibanda kilicho mwisho wa bustani, akaweka kitanda na jiko. Tunakaa humo, mimi na baba yako, kama siku ile aliponioa.

Miezi hii huku ni ya joto, na jua halitaki kulala. Tunakula chakula cha jioni bado kuna mwanga wa kuchambua maharagwe. Asubuhi nachemsha chai, namfunga kamba za viatu, tunashuka mpaka kwenye benchi la ziwani. Watu wamelala kwenye nyasi kama muhogo ulioanikwa, wazee kwa vijana. Siku moja bibi wa umri wangu alivua nguo akabaki na kitambaa kidogo, akaingia majini, akaogelea mpaka akawa nukta. Baba yako akasema, "Mama Makokha, ingia na wewe nikushikie leso." Nikamwambia nitaingia siku atakayojua kunyamaza. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Anachopenda yeye ni ng'ombe. Wako juu ya mlima, wamefungwa kengele shingoni, wanasikika mpaka chini. Anauliza kila siku, "Anayewachunga yuko wapi?" Unga tunaopata ni wa mahindi ya njano, kama ule tuliopewa mwaka wa njaa. Nasonga obusuma nao, anakula kidogo na kuniambia niache kumkumbusha njaa.

Sasa habari yenyewe. Walimpima siku nne. Daktari akatuita, akaongea na Rosa kwa lugha yao, na Rosa akageuka akatazama dirisha. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Kitu kiko kwenye ini, kimekaa, na kimezaa vingine. Hawatakata. Baba yako akasema, "Rosa, muulize kama nitaonja mahindi ya mwaka ujao." Daktari alitikisa kichwa. Akasema kama mzee anataka kusafiri, asafiri kabla majani hayajaanguka. Majani ya huku yanaangukanga yote, mwezi wa kumi.

Hapo baba yako alikuwa na furaha, Makokha. Utashangaa, lakini ni kweli. Alikuwa ameambiwa anakufa, na alirudi kwenye kibanda akinyoa ndevu na kupiga mluzi, kwa sababu Rosa alisema tutaondoka katikati ya mwezi wa tisa. Alinihesabia vitu vya kufanya: atakaa mlangoni kwake, atagawa vipande vya shamba mbele ya ndugu zake, atakuonyesha wewe mpaka wa kule mtoni, ule ambao jirani anausogezanga.

Ndipo barua yako ikafika na picha ndani. Wewe umesimama na mke wako na watoto, mmevaa kama watu wa harusi. Akachukua kile kioo chake cha kusomea Biblia. Akatazama, akatazama.

"Mama Makokha, huu mparachichi ni ule wa nyuma ya nyumba yangu?"

"Ndio."

"Mbona nauona mpaka kwenye shina?"

Nikachukua picha. Nyumba hakuna. Mbele ya mparachichi kuna kamba na vigingi, na mtaro umechimbwa, udongo mwekundu umelala kando. Nyuma ya picha mke wako ameandika kwa mwandiko mzuri: Tunawajengea ya matofali, mkirudi mshangae.

Tumeshangaa.

Baba yako aliigeuza picha ikalala kifudifudi. Akasema, "Huyu mtoto amenichimbia." Nikamwambia amechimba msingi, ni nyumba nzuri inakuja. Akasema, "Najua. Ni mtoto mzuri. Lakini nikishuka kwenye gari nitaingia wapi? Nilale kwa mke wake, nikitapika aje kunipangusa?" Baba mkwe halali chini ya paa la mke wa mwanawe, wewe unajua hata ukijifanya mtu wa mjini. Kisha akasema, "Mwambie Rosa aache hiyo safari."

Rosa akaja analia. "Baba, kuna hoteli mjini Kakamega, utakaa hapo mpaka nyumba iishe." Akamjibu, "Mgeni ndiye hulala hotelini." Rosa akanigeukia mimi, akasema mambo haya ni ya zamani, kwa nini mzee ajiue kwa ajili ya nyumba ya udongo iliyokuwa inavuja. Nilimwambia nyumba iliyobomolewa mwenyewe akiwa mgonjwa, na shimo likachimbwa uani kwake, si habari ya kuvuja. Ni sisi tumemtangulia kumwambia aende.

Tangu siku hiyo hataki benchi. Anasema ng'ombe wana kelele. Amelala akitazama mbao za ukuta, macho yamekuwa njano, na suruali ile ya Krismasi naikunja mara mbili kiunoni. Nje watu wanacheka majini, meli inapita na muziki, watoto wanalamba barafu ya maziwa. Mimi nafua, naanika, naingia kumgeuza.

Na kuna jambo ambalo hajui, na wewe usimwambie. Nilienda na Rosa makaburini kwao. Ni pasafi kuliko sebule. Nikaona wanaume wanang'oa mawe ya makaburi wanayapakia kwenye gari. Nikauliza wanafanya nini. Rosa akasema, "Muda wao umeisha, Mama." Muda gani wa mtu aliyekwisha kufa? Kumbe hapa kaburi linakodishwa kwa miaka kadhaa, ikiisha jiwe linaondolewa, anawekwa mwingine hapo. Na wengi wao wanachomwa kabisa. Baba yako asiporudi, ndiko anakoenda.

Sasa sikiliza. Kosa langu nalikubali. Kabla hatujaondoka nilisema hiyo nyumba itaniua, ulinisikia. Mwanamke anayekinga mvua kwa sufuria husema mengi. Kusema si kutuma. Ungeniuliza. Ungemwuliza yeye.

Udongo urudi mtaroni wote, ukanyagwe. Nyumba isimame palepale, ya miti na udongo, mlango utazame barabara kama zamani, na mabati ni yale yale uliyoyatoa, yenye kutu. Kama umeyauza, yafuate. Mke wako na wanawake wa jirani waikandike, na wakimaliza wapike humo kila siku ili udongo ukauke na pawe na harufu ya watu. Nyumba isiyopikiwa ni stoo. Matofali yako yafunike vizuri, utayatumia baba yako akiwa hayahitaji. Ikisimama, piga picha, mparachichi ufichwe na paa, unitumie haraka. Nitamwekea mkononi. Akiiona, atapanda ndege. Namjua.

Nisalimie shangazi yako, dada wa baba yako, umwambie asianze kulia kabla ya wakati. Msalimie mama wa kwaya anayenitunzia kiti changu kanisani, na jirani anayekama ng'ombe wetu, mwambie najua kiasi wanachotoa. Wajukuu wangu uwashike vichwa mmoja mmoja. Mke wako mwambie sina kisirani naye, mwandiko wake ni mzuri kuliko wako.

Ni mimi mama yako, niliyekubeba mgongoni katika shamba la miwa.

Ukimaliza kusoma, usikae. Chukua kuku, nenda kwa baba yako mdogo kwa miguu, umwambie kwa mdomo wako ulichofanya, bila kumtaja mke wako wala mimi. Atakutukana. Vumilia mpaka amalize. Kisha mwombe aje akate nguzo ya kwanza kwa mkono wake, na wewe umshikie mti.