Kiasi cha Chini

Kaka mjanja,

Sisi wazima. Bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Ile kadi ya mkopo uliyochukua kwa jina la Mama, ukajinunulia televisheni kubwa kama mlango, taarifa yake imekuja tena. Ulimwambia alipe kile kiasi cha chini tu, eti benki imempunguzia. Punguzo gani, mtu mzima wewe? Kinachobaki kinazaa riba kila mwezi. Imeandikwa pale pale: akilipa hivyo, deni litaisha baada ya miaka ishirini na miwili. Mama ana sabini na minne.

Bado anakusifu kwa majirani. Lakini jana alipata miwani mpya, na bahasha ya taarifa hiyo nimemwachia mezani.

Dada yako, anayekujua